Bili ya umeme hupita meza tatu za Bunge kabla ya kukufikia

Mteja wa umeme wa tokeni nchini Kenya akilipa kwa simu, hupokea ujumbe wenye tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, idadi ya yuniti alizopata, na kiasi kilichokatwa kwa jina la ada nyinginezo. Wengi huzilalamikia ada hizo kwa kampuni inayosambaza umeme, ilhali si zote zilizotungwa na kampuni hiyo. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inatokana na sheria ya kodi iliyopitishwa na Bunge la Taifa. Asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini inatokana na sheria ya kawi. Gharama ya mafuta yanayochomwa kwenye mitambo ya joto, pamoja na marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, hutegemea kanuni za bei na mikataba iliyotiwa saini na wazalishaji wa umeme. Kila mstari una asili yake, na sehemu kubwa ya asili hiyo hupita katika vyumba vya kamati za Bunge siku ambazo kamera za televisheni ziko kwingine.

Kamati si vikundi vya wabunge waliojitolea kusaidia kazi. Kifungu cha 124 cha Katiba ya 2010 kinaziwekea msingi, na Kifungu cha 125 kinazipa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kumwapisha, na kumlazimisha alete nyaraka. Waziri anayeitwa na kamati hajaalikwa chai. Kwa upande wa mwananchi, Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi katika kazi ya kutunga sheria na shughuli nyingine za Bunge na za kamati zake.

Tuanze na meza ya kwanza, ya fedha, kwa kuwa hapo ndipo wananchi wengi hufika wakiwa wamechelewa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Hotuba ya bajeti husomwa Juni, waziri akiwa na mkoba wake mkononi, na vyombo vya habari hukesha navyo. Kufikia siku hiyo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka Hazina ya Taifa iwasilishe bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti kabla ya tarehe 15 Februari, nayo ndiyo inayopendekeza ukomo wa fedha wa kila sekta. Bunge lina siku 14 za kuijadili na kupitisha maazimio. Makadirio yenyewe ya mapato na matumizi huletwa kufikia tarehe 30 Aprili, yaani miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, kama Kifungu cha 221 kinavyoagiza.

Sheria hiyohiyo, katika sehemu ya 39, inasema kwamba Bunge la Taifa likitaka kubadilisha makadirio ni lazima mabadiliko yaafikiane na maazimio yaliyopitishwa kuhusu taarifa ile ya Februari. Na kwamba likiongeza fedha mahali pamoja ni lazima lipunguze kiasi hicho mahali pengine, au kama linapunguza tu, kilichookolewa kitumike kupunguza nakisi. Mwananchi anayefika Mei kuomba transfoma ya kijiji chake kwa hiyo hukuta mlango umeegeshwa. Mbunge anaweza kumsikiliza kwa moyo mkunjufu, lakini fedha za transfoma hiyo itabidi zitolewe katika mradi wa mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana mbunge. Aliyeandika Februari alikuwa akizungumzia ukomo wenyewe wakati bado ni laini.

Makadirio yakishaletwa, hayaendi moja kwa moja kwa Kamati ya Bajeti na Matumizi. Hugawanywa kwanza kwa kamati za idara, kila moja ikapewa wizara zake. Kamati ya Kawi (majirani zetu wa Tanzania wangesema ya Nishati) hupokea mafungu mawili: la Idara ya Kawi, ambalo katika vitabu vya bajeti hubeba nambari 1152, na la Idara ya Petroli, nambari 1193. Ndani ya fungu la kwanza utakuta programu za uzalishaji wa umeme, usafirishaji na usambazaji wake, na teknolojia za nishati mbadala, kila moja ikiwa na fedha za matumizi ya kawaida, fedha za maendeleo na shabaha zinazopaswa kufikiwa. Mbunge makini huanzia kwenye safu ya shabaha. Akikuta kwamba idadi ya vituo vidogo vya umeme vitakavyojengwa imebaki ileile kwa miaka mitatu huku fedha zikipanda, amepata swali lake la kwanza kwa Katibu wa Idara. Kamati hiyo huandika maoni yake, na Kamati ya Bajeti na Matumizi huyakusanya pamoja na ya kamati nyingine, huku Ofisi ya Bajeti ya Bunge ikiwapa wabunge uchambuzi usiotegemea maneno ya Hazina pekee. Kifungu cha 221 hakiishii hapo: kinaiamuru kamati itafute maoni ya wananchi, na kinataka maoni hayo yazingatiwe wakati kamati inatoa mapendekezo yake kwa Bunge.

Kuna tofauti ambayo hata wanahabari huichanganya. Kamati ya Bajeti hushughulikia matumizi. Mswada wa Fedha, ambao ndio wenye kodi, huenda kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Taifa. Mwaka 2024 kamati hiyo ya pili ilisikiliza maoni na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba mapendekezo ya kutoza mkate kodi ya asilimia 16 na kodi ya asilimia 2.5 kwa thamani ya magari yataondolewa. Umma haukuridhika, vijana wakajaa barabarani, na tarehe 25 Juni, siku mswada ulipopitishwa, waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini. Kwa kuwa mapato yaliyotarajiwa yalitoweka, makadirio ya nyongeza yalifuata mwezi uliofuata ili kupunguza matumizi, na kazi ikarudi mezani kwa kamati ileile ya bajeti. Upande wa kodi ukiyumba, upande wa matumizi hauwezi kukaa wima.

Meza ya pili ni ya watu. Kifungu cha 152 kinamtaka Rais ateue mawaziri kwa idhini ya Bunge la Taifa. Mawaziri husailiwa na Kamati ya Uteuzi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika mwenyewe, ilhali wateule wa nyadhifa nyingine, wakiwemo makatibu wa idara, hupelekwa kwa kamati za idara zinazohusika. Utaratibu uko katika sheria ya 2011 kuhusu idhini ya Bunge kwa uteuzi wa umma, nayo inaitaka kamati ipime mambo matatu: namna mteule alivyopatikana, masharti ya kikatiba na kisheria ya kazi husika, na ufaafu wake kwa kuangalia uwezo, tajiriba na sifa zake. Mteule hujaza dodoso linalohusu elimu, kazi, mali na kodi. Kamati nayo huandikia taasisi kama mamlaka ya ushuru, tume ya kupambana na ufisadi, idara ya upelelezi na bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuuliza kama mtu huyo anadaiwa au anachunguzwa.

Umma hupewa notisi ya angalau siku saba. Mtu yeyote anaweza kupinga ufaafu wa mteule, lakini kwa taarifa ya maandishi chini ya kiapo, iliyopelekwa kwa Karani wa Bunge kabla ya usaili. Barua ya hasira haitoshi, na uvumi wa mitandaoni hautoshi hata kidogo. Anayesema mteule alifuja fedha za kiwanda aandike ni kiwanda kipi, mwaka gani, na aambatishe karatasi. Wabunge wamepewa siku 28 tangu kupokea arifa. Wakinyamaza hadi muda upite, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa, kwa hiyo kukaa kimya ni kura ya ndiyo.

Je, msasa huu hukwaruza kweli? Mara chache. Juni 2015 Bunge lilimkataa Monica Juma kwa wadhifa wa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Baadaye aliongoza wizara kadhaa, ikiwemo ya Kawi. Oktoba 2022 Kamati ya Uteuzi ilipendekeza Penina Malonza, mteule wa uwaziri, asiidhinishwe, ila Bunge zima likaipuuza kamati na kumpitisha. Agosti 2024, Rais alipounda upya Baraza la Mawaziri alilolivunja Julai, wateule 19 kati ya 20 walipita, na Stella Soi Lang'at peke yake akakataliwa. Kwa maoni yangu udhaifu wa usaili hauko kwenye sheria. Uko kwenye maswali: dakika nyingi huenda kwa pongezi na wasifu, na mteule wa wizara yenye mikataba ya mabilioni anaweza kutoka chumbani bila kuulizwa mkataba hata mmoja kwa jina lake.

Hapo ndipo tunapofika meza ya tatu, ambako kamati hukumbana na sera ya kawi yenyewe. Bei ya umeme haiamuliwi zaidi na makadirio ya mwaka. Huamuliwa na mikataba ya ununuzi wa umeme inayodumu miaka 20 au zaidi. Mkataba wa aina hii mara nyingi humlipa mzalishaji kwa kuwa tayari kuzalisha, hata kama umeme wake haukununuliwa. Chukua mradi wa upepo wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani, Marsabit, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika Septemba 2018, baada ya mkandarasi wa Uhispania aliyeijenga mwanzoni kufilisika. Katika kipindi hicho upepo wa Marsabit uliendelea kuvuma na mapanga yakasimama, na kwa kuwa kosa la kuchelewa lilikuwa upande wa serikali, fidia ya mabilioni ya shilingi ilidaiwa kwa umeme ambao hakuna balbu iliyouona. Hakuna kamati ya bajeti ingeweza kuikata fidia hiyo. Deni la mkataba hulipwa kwanza, miradi mipya hungoja.

Ndiyo maana mwaka 2023 Bunge la Taifa lilisimamisha mikataba mipya ya ununuzi wa umeme huku Kamati ya Kawi ikichunguza sababu za bei kuwa juu, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2025. Hatua ile ilikuwa na gharama yake, kwa sababu mahitaji ya umeme hayasubiri ripoti, na mwekezaji aliyesimamishwa huongeza bei akirudi. Hata hivyo, iliwalazimisha wahusika kuja kueleza mikataba ambayo kwa miaka mingi ilifungiwa kabatini kwa kisingizio cha siri ya kibiashara.

Wasomaji wa Tanzania watakumbuka jinsi kamati inavyoweza kufika mbali pale inapopewa karatasi. Kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Hilo lilitokea katika nchi ambayo Bunge halisaili mawaziri, humthibitisha Waziri Mkuu tu, na ambayo Ibara ya 90 ya Katiba yake inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti.

Kenya ilipata kipimo chake mwaka 2024, na kwa bahati kilipita kwenye meza mbili za mwisho kwa muda wa miezi minne. Agosti, Opiyo Wandayi, aliyewahi kuongoza Kamati ya Hesabu za Umma na kuwauliza wengine maswali makali, aliketi kwenye kiti cha kuulizwa na akaidhinishwa kuwa Waziri wa Kawi na Petroli. Oktoba, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme ilitia saini na kampuni ya kundi la Adani la India mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola milioni 736, na kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu ikausimamisha. Tarehe 21 Novemba waziri aliieleza kamati ya Bunge kwamba hapakuwa na hongo wala ufisadi katika mkataba huo. Siku hiyohiyo, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki Gautam Adani katika kesi ambayo kundi lake lilikanusha, Rais alisimama mbele ya wabunge na kutangaza kuufuta, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kamati zilikuwa zikiuliza maswali sahihi, ila ziliyauliza baada ya wino kukauka.

Kwa anayetaka kuandika mapema zaidi ya hapo, umbo la waraka lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Makarani wa kamati huyapanga maoni kwenye jedwali: kifungu au programu, anachopendekeza mwananchi, sababu zake, na uamuzi wa kamati. Kurasa sita za kulalamikia ugumu wa maisha hazina pa kuingia kwenye jedwali hilo. Mistari mitatu inaingia vizuri: Fungu 1152, programu ya usafirishaji na usambazaji wa umeme, zihamishwe fedha kadha kutoka mradi huu kwenda ule, kwa sababu mradi wa kwanza haujatumia fedha zake za mwaka uliopita, kama ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti inavyoonyesha. Weka jina, saini na tarehe. Ripoti ya kamati ikitoka, fungua jedwali hilo utafute mstari wako, usome kilichoandikwa kwenye safu ya mwisho.