"Kwetu kuna joto, toa thamostati": dhana zinazomaliza magari yetu kutoka Nakuru hadi Kisumu

Asubuhi moja nilitoka Nakuru na NZE, yaani Toyota Corolla, niliyokuwa nimeinunua wiki hiyo, nikielekea Kisumu kupitia Kericho. Mau Summit ilikuwa na ukungu na baridi ya kukausha vidole. Nilipoanza kuteremka kuelekea Londiani, mshale wa joto ukashuka polepole hadi chini kabisa, kama gari lililolala nje usiku kucha. Nilikuwa nimeendesha zaidi ya saa nzima.

Kisumu nilimtafuta fundi. Akachukua spana namba kumi, akafungua nati mbili, akavuta kifuniko na kunionyesha kwa tochi ya simu: ndani hamna kitu, silikoni tu pembeni. "Boss, thamostati ilitolewa kitambo. Wengi wanaambiwa hii ni ya nchi za baridi."

Hiyo ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inarudiwa na watu wanaopenda magari kwa dhati. Kazi ya thamostati ni kuizuia kulanti, maji ya kupoza injini, isiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kisha kuifungulia kiasi kinachohitajika. Ukiitoa, kulanti inazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Injini inabaki baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani yake. Gari linakunywa mafuta zaidi na injini inachakaa kabla ya wakati. Na gari lililokuwa likichemka kwa sababu ya rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda hedi iliyokufa bado lina ugonjwa huo. Umeuficha tu hadi siku utakapopanda mlima ukiwa na mzigo.

Ukiwa na shaka kama thamostati yako ni nzima, usiitupe. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji, uwashe jiko. Imechapwa namba, mara nyingi 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo utaiona ikifunguka kabla sufuria haijachemka. Nilifanya hivyo na ile mpya niliyonunua, nikasimama hapo jikoni nikiitazama ikijifungua polepole. Ile niliyoijaribu baada yake, ya rafiki yangu, haikusogea hata maji yalipotokota.

"Oili ya 0W-20 ni nyepesi mno kwa joto la Kisumu." Hili ni kosa lile lile likiwa na sura nyingine. Hiyo 20 inaelezea uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, joto la ndani ya injini. Hewa ya Kisumu haipandishi joto hilo, maana thamostati (ikiwepo) ndiyo inayolisimamia. Fuata kitabu cha gari lako. Injini ikianza kula oili, kuiwekea nzito ni kununua muda tu.

"Hili ni KDA, kwa hiyo ni jipya kuliko lile la KCU." Herufi za bamba zinakwambia gari lilisajiliwa Kenya lini. Hazisemi lilitengenezwa lini. Sheria ya miaka minane inaruhusu gari lililotumika Japani liingie hapa likiwa na umri usiozidi huo, kwa hiyo gari lililosajiliwa 2020 huenda lilitengenezwa 2013. La jirani yake mwenye bamba la zamani, kama lilinunuliwa jipya dukani hapa nchini, huenda ndilo changa kati ya hayo mawili. Soma mwaka kwenye logibuku, kisha ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyopigwa kwenye bodi. Nimeona watu wakiongeza makumi ya maelfu ya shilingi kwa ajili ya herufi moja, na inasikitisha.

Maili nazo zinarudishwa nyuma. Mwombe muuzaji cheti cha Japani cha kutoa gari nchini. Mara nyingi kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kisha tazama pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Raba iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 40,000.

Kuhusu kuinua gari kwa speesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi, sina ugomvi na mtu wa Molo au Njoro anayepambana na matope. Ila si kweli kwamba haibadilishi chochote. Pembe ya sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, inabadilika, matairi yanasimama tofauti, na uzito unapanda juu, hivyo kwenye kona gari linalala zaidi. Inua kidogo, kisha upige alaimenti siku hiyo hiyo. Kukata springi ili gari lishuke sikubaliani nako kabisa. Na kila Safari Rally inapokuja Naivasha, vijana wanakata sailensa za Vitz ili zingurume kama Subaru: kelele inaongezeka, nguvu inabaki ile ile.

"Nimepokea pesa, gari si langu tena." Sheria ya Trafiki inamhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu Ahero au likitumika kwenye wizi, polisi wataanza na wewe, na kazi ya kuthibitisha itakuwa juu yako. Fomu ya uhamisho iliyosainiwa ikaachwa wazi kwa dalali haikulindi. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mnunuzi anaukubali kwa akaunti yake. Nilipouza ile NZE tuliketi mezani pamoja, simu zote mbili zikiwa wazi, na ufunguo wa akiba ulibaki mfukoni mwangu hadi mnunuzi alipobonyeza kukubali.