The Birth of a Nation: Kwa Nini Hatuifungii Kabatini

Tangu tutangaze wiki ya filamu bubu, kitengo chetu cha hifadhi kimepokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaotaka The Birth of a Nation, filamu ya Marekani inayowadhalilisha watu weusi, iondolewe kabisa kwenye ratiba. Wengine wanasema tuache siasa, tuionyeshe kama kazi ya sanaa, basi. Tunawashukuru wote, maana wameandika kwa nia njema. Lakini wote wanadhani sanaa na ubaguzi wa filamu hii vinaweza kutenganishwa kama mchele na chuya.

Mwongozaji D. W. Griffith aliitoa mwaka 1915, ikiwa na urefu wa takriban saa tatu. Mtazame askari wa majimbo ya Kusini anaporudi nyumbani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Dada yake anampokea barazani, wanataniana kidogo, kisha furaha inawatoka usoni. Askari anapofika mlangoni, mkono wa mama unachomoza kutoka ndani na kumvuta taratibu. Uso wa mama hatuuoni. Huo ni ustadi, na hatuna sababu ya kuukana. (Picha za karibu, zile za uso kujaa skrini, hakuzivumbua yeye kama wengi wanavyodai. Tumelisema hili kila mwaka na kila mwaka linarudi.)

Sasa ustadi huohuo unatumikaje? Gus, mtu mweusi anayemwandama msichana msituni, ameigizwa na Walter Long, Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Msichana anakimbia, Gus yuko nyuma, kaka anatafuta. Picha zinapokezana hadi pumzi inakukaba. Kufikia mwisho, Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowashambulia watu weusi, wanapokuja mbio juu ya farasi kama waokozi, umeshajikuta ukiwaombea wawahi. Chuki imepita humohumo kwenye uhariri. Mwaka huohuo William J. Simmons aliifufua Klan huko Stone Mountain, Georgia, na baadaye kundi hilo likaitumia filamu kuvutia wanachama.

Tunaambiwa pia kwamba watu wa enzi zile hawakujua ubaya wake. Watu gani hao? NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani kilichoundwa 1909, iliipinga tangu mwanzo. Mjini Boston, mhariri mweusi William Monroe Trotter alikamatwa akiipinga. Na ile kauli inayodaiwa kuwa ya Rais Woodrow Wilson, kwamba filamu hii ni kama kuandika historia kwa radi, tafadhali msitutumie tena. Filamu ilionyeshwa Ikulu ya Marekani Februari 1915, hilo ni hakika. Kauli yenyewe haina ushahidi wa kuaminika.

Kuhusu kupiga marufuku: Februari 23, 1915, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu, hivyo hailindwi na uhuru wa kujieleza. Bodi ya jimbo iliweza kuikagua filamu kabla haijaonyeshwa na kuinyima kibali. Ohio na Kansas waliizuia hii. Msimamo huo wa mahakama ulidumu hadi 1952.

Hakimiliki yake Marekani imekwisha, ndiyo maana vipande vyake vinazagaa kwenye simu bila maelezo. Nakala yetu haitolewi hivyo. Mwombaji ajaze fomu, ataje ukumbi, tarehe na mtoa maelezo. Maelezo yatolewe kabla ya filamu, wala si kwenye karatasi ya mlangoni. Filamu ionyeshwe nzima. Atakayekata vipande atafutiwa kibali papo hapo, na atakayechelewesha nakala hatapewa nyingine msimu huo. Fomu isiyo na jina la mtoa maelezo itarudishwa bila kusomwa.