Kamera Haimjui Mnyama

Kila anayeanza kupiga picha za wanyama huambiwa mambo yale yale: tafuta lenzi ndefu (ile inayomvuta mnyama wa mbali), omba bahati, na ukimpata bingwa muulize kamera yake aliipangaje. Niliyashika hayo kwa miaka. Picha zangu zilikuwa safi, ila hazikuwa na uhai. Kilichozibadilisha ni kuanza kumtazama mnyama kwanza na kamera baadaye, na nilipozifuatilia kazi za mabingwa niligundua kwamba wao walianzia hapo.

Dhana: Bila lenzi ndefu hakuna picha ya mnyamapori

Lenzi ndefu ina kazi yake. Ndege mdogo aliye kwenye tawi la juu hutampata kwa simu, na wapo wanyama ambao kuwasogelea ni kuwavuruga au kuhatarisha maisha yako. Lakini lenzi hiyo haifuti umbali. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya ardhi yenye joto huchezacheza kama maji, na mnyama aliye mbali hutoka na ukungu hata kama kifaa chako ni cha bei kubwa kuliko vyote.

Mpiga picha Nick Brandt alipiga picha zake maarufu za tembo na simba wa Afrika Mashariki kwa kamera ya filamu ya Pentax 67, tena bila lenzi ndefu. Alitaka anga na nyika vionekane pamoja na mnyama. Gharama ya uamuzi huo ilikuwa muda: kungoja mpaka mnyama atulie karibu naye, na kuikosa picha kabisa asipotulia.

Dhana: Mbwa na paka ni mazoezi tu, kazi yenyewe iko porini

Hii naipinga kwa nguvu zote. Mnyama wa nyumbani ni shule ngumu, na ni shule iliyo wazi kila siku.

Walter Chandoha, Mmarekani aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98, alianza na mtoto wa paka aliyemwokota kwenye theluji jijini New York mwaka 1949. Aliacha picha za paka zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Zitazame taratibu: mara nyingi kamera iko chini, sawa na macho ya paka, na mwanga unatoka nyuma ukiuchora ukingo wa manyoya. Mpiga picha Elliott Erwitt naye aliwashukia mbwa mpaka kimo chao. Katika picha yake ya New York ya mwaka 1974, chihuahua, mbwa mdogo sana, aliyevalishwa kofia yuko kando ya mabuti ya binadamu na miguu ya mbwa mkubwa, huku miili ya hao wawili ikiwa nje ya fremu kabisa. Angeipiga akiwa amesimama wima, tungeona mgongo wa kijibwa na lami.

Kwa hiyo lala chini. Chafua nguo. Hakuna mpangilio wa kamera utakaokupa kile ambacho magoti yako yatakupa.

Halafu kuna suala la rangi, ambalo huwakatisha tamaa wengi wenye paka weusi. Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Ikimwona mbwa mweusi inaongeza mwanga mpaka manyoya yanaonekana yamepauka. Ikimwona sungura mweupe inapunguza mpaka anaonekana mchafu. Unatakiwa kuirekebisha kwa kwenda kinyume na hisia zako: mweusi mpunguzie mwanga kidogo, mweupe mwongezee. Simu nyingi nazo hukuruhusu kufanya hivyo: gusa uso wa mnyama kwenye kioo kisha telezesha kidole.

Yale macho ya kijani au ya manjano yanayowaka usiku si kasoro ya kamera wala ugonjwa. Nyuma ya retina (sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga) ya mbwa na paka kuna utando unaourudisha mwanga, ndio unaowasaidia kuona gizani, na flashi iliyo karibu na lenzi inaupiga moja kwa moja. Zima flashi, msogeze mnyama karibu na dirisha, na mwanga uje kutoka ubavuni.

Dhana: Muite jina mpaka aangalie

Ukimwita, atakuja kwako, na picha itakuwa ya pua. Sauti ngeni huinua masikio mara moja au mbili, baada ya hapo ameizoea. Itunze hadi kila kitu kiwe tayari.

Dhana: Anacheka, mpige haraka

Hapa ndipo kutomjua mnyama kunapogeuka kuwa kumdhulumu. Sokwe anayetoa meno ya juu na ya chini kwa pamoja, midomo ikiwa imevutwa nyuma, mara nyingi ana hofu. Akiwa anacheza kweli, mdomo huachama kwa ulegevu na meno ya juu kwa kawaida hubaki yamefunikwa. Video za lorisi, mnyama mdogo wa Asia mwenye macho makubwa, anayeinua mikono juu “akitekenywa” zilisambaa sana, ilhali kuinua mikono ni njia yake ya kujihami: tezi iliyo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, hutoa majimaji ambayo yakichanganyika na mate huwa sumu. Mbwa anayejilamba midomo bila chakula mbele yake, anayepiga miayo bila usingizi, au anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, anakuomba umwache. Paka atakuambia kwa masikio yaliyolala na mkia unaochapa sakafu. Ukiziona ishara hizo, weka kamera chini, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Dhana: Mabingwa wana bahati

Picha ya mpiga picha Steve Winter ya puma (paka mkubwa wa Amerika) aliyejulikana kama P-22, akipita usiku huku yale maandishi makubwa ya Hollywood yaliyo kilimani Los Angeles yakionekana nyuma yake, ilitoka mwaka 2013. Winter hakuwepo pale shata (mlango wa kamera unaoingiza mwanga) ilipofyatuka. Alitega kamera yenye kihisi, kinachoifyatua mnyama anapopita, kwenye njia aliyoamini mnyama angepita, na akangoja zaidi ya mwaka mmoja. Bahati ilikuwepo, ila ilikuta taa zimeshapangwa.

Dhana: Ikishinda tuzo, basi ni ya kweli

Shindano la Wildlife Photographer of the Year linaloendeshwa na Natural History Museum ya London limewahi kunyang'anya ushindi. Picha bora ya mwaka 2009, mbwamwitu akiruka lango usiku, iliondolewa baada ya majaji kuona kwamba huenda mnyama yule alikuwa amefunzwa. Picha iliyoshinda kundi lake mwaka 2017 iliondolewa mwaka uliofuata kwa kuwa wataalamu waliona mla mchwa aliyemo ni mnyama aliyekaushwa na kujazwa. Wapiga picha wote wawili walikanusha.

Kwa maoni yangu, kosa si kumpiga picha mnyama aliyefungiwa. Mpiga picha Joel Sartore amefanya kazi hiyo tangu mwaka 2006 katika mradi wake wa Photo Ark, akiwapiga picha wanyama wa kwenye hifadhi za kufugia mbele ya pazia jeusi au jeupe. Anasema wazi walipo, na mtazamaji anajua anachotazama.

Dhana: Muulize bingwa alitumia mipangilio gani

Namba hizo zilifaa mwanga ule, saa ile. Zipo chache za kukumbuka, kwa mfano kwamba mbwa anayekimbia huhitaji kasi ya shata ya takriban 1/1000 ya sekunde au zaidi, lakini utazijua kwa wiki moja. Maswali yanayofundisha ni mengine: ulisimama wapi, upepo ulivuma kutoka upande gani, ulijuaje kwamba angeruka, umewahi kurudi mikono mitupu mara ngapi?

George Shiras, ambaye picha zake 74 za wanyamapori zilijaza toleo la jarida la National Geographic la Julai 1906, alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mpiga picha. Mbinu yake ya kupiga makasia usiku, taa ikiwa mbele ya mtumbwi ili mnyama wa ukingoni aduwae akiitazama, ilitokana na uwindaji wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Ujuzi ulioifanya picha iwezekane ulikuwa wa watu waliomjua kulungu, wala hawakuwa na kamera. Nami siku hizi nikitaka kujifunza kuhusu mnyama fulani, humtafuta kwanza anayemlisha, anayemtibu au anayemlinda.

Dhana: Ukishabonyeza, kazi imeisha

Simu nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Ikiwa ni kifaru, au kiota chenye makinda, taarifa hiyo inaweza kumwongoza jangili au kundi la watu hadi mlangoni pake. Ifute kabla hujaituma picha popote, na usitaje mahali kwenye maelezo yake.