Video ya mgombea haijasambaa, imesambazwa

Kipindi cha kampeni nilikaa na vijana wa bodaboda pale Kabwe, jijini Mbeya, nikisubiri gari la Uyole. Mmoja wao niliwahi kumfundisha. Akanisalimia, "Shikamoo mwalimu," kisha akanigeuzia simu yake nione. Mgombea udiwani anavuka kidaraja cha miti, muziki unapanda, wanawake wanapunga kanga. "Hii imesambaa nchi nzima, mwalimu." Chini ya jina la ukurasa palikuwa na neno dogo la kijivu linalojulisha kwamba video hiyo imelipiwa. Hakuliona. Neno hilo hilo "imesambaa" nilikuwa nimeshalisikia asubuhi redioni na juzi yake kwenye kikao cha wazazi, kila mara likisemwa juu ya video za namna hiyo. Nikaona niandike.

Tangazo la video mtandaoni ni video ambayo mwenye nayo amelipa ili kampuni ya jukwaa, kama Facebook, Instagram au YouTube, iwafikishie watu aliowachagua kwa umri, kwa mahali wanapoishi au kwa mambo wanayoyapenda. Vijana wanaita kubusti. Video ambayo watu wanatumiana wenyewe bila mtu kulipia si tangazo. Maana yake ni hiyo tu.

Shida iko kwenye kitenzi, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu Kiswahili kimetupa chombo kizuri sana tusichokitumia. Tuna vitenzi vinavyokwenda viwili viwili: enea na eneza, tangaa na tangaza, tapakaa na tapakaza, sambaa na sambaza. Cha kwanza kinasema jambo limetokea, bila kumtaja aliyelifanya litokee. Cha pili, kilicho katika kauli ya kutendesha, kinadai mtendaji. Ukungu wa Juni pale Uyole unasambaa, hakuna aliyeumwaga. Mbolea ya ruzuku ikifika Isyonje imesambazwa, kwa maana kuna lori, kuna wakala na kuna stakabadhi. Hakuna mkulima wa viazi atakayekuambia mbolea "imesambaa" kijijini, kama vile iliota usiku. Lakini mkulima huyo huyo akishika simu anasema video imesambaa.

Lenyewe neno "tangazo" limetokana na kitenzi cha pili, tangaza. Zamani watu walisema jina la mtu limetangaa, yaani limejulikana lenyewe, kwa sifa au kwa aibu. Tangazo ni kitu kilichotangazwa, nyuma yake yupo mtangazaji. Vyama vyetu navyo vinalijua hili vizuri. Vina cheo chenye neno Uenezi ndani ya jina lake, na anayekishika watu humwita mwenezi. Uenezi umetoka kwenye eneza. Chama kinakiri kwa jina la ofisi yake kwamba habari zake zina mtu wa kuzieneza. Sasa kwa nini sisi tunaopokea tumfute mtu huyo kwenye sentensi?

Neno la pili linalochanganywa ni "mtandao." Nilisikia mtu akisema, "Yule ana mtandao mkubwa sana, video yake imetazamwa mara laki mbili." Mtandao umetoka kwenye tanda, kama wingu linavyotanda au kama utando wa buibui. Utando ni nyuzi zilizoshikana. Ukikata uzi mmoja, mwingine unahisi. Wanaokumbuka mwaka 2005 wanajua neno hili lilikuwa na maana gani katika siasa zetu: wanamtandao walikuwa kundi ndani ya CCM lililomuunga mkono Jakaya Kikwete kuwania urais. Walikuwa watu waliofahamiana na kuwasiliana, si idadi ya macho kwenye skrini. Watu laki mbili walioonyeshwa video moja hawajashikana na yeyote. Hawajui kwamba mwenzao pia ameiona. Siku malipo yanapokwisha, hakuna uzi unaobaki kati yao. Mgombea mwenye watu ishirini wanaopigiana simu katika kata yake ana mtandao kuliko huyo wa laki mbili.

Na hiyo "kutazamwa" nayo ina mambo yake. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kwamba video imetazamwa ikifikia sekunde 3. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video iliokuwa ikiwapa watangazaji ulikuwa umetiwa chumvi kwa takriban miaka miwili. YouTube ina tangazo unaloweza kuliruka baada ya sekunde 5, na kwa aina hiyo mtangazaji hutozwa pale mtazamaji anapofika sekunde 30, au mwisho kama video ni fupi zaidi, au anapobonyeza.

Turudi Kabwe. Nilimwomba kijana simu, nikabonyeza vile vinukta vitatu vya pembeni, nikafungua sehemu inayoeleza kwa nini unaonyeshwa tangazo hili. Jibu likaja: una umri wa kati ya miaka 18 na 34, na uko Mbeya. Pale kijiweni tulikuwa sita. Watano walikuwa ndani ya umri huo, na wote watano walikuwa wameiona video. Wa sita nilikuwa mimi, na sikuwahi kuiona hadi aliponionyesha. Akampigia dada yake aliyeko Makambako, nje ya Mkoa wa Mbeya. Dada hajui hata mgombea mwenyewe ni nani. Nchi nzima ilikuwa ni kijiwe chao na vijiwe vinavyofanana nacho. Walichaguliwa, kisha kule kuchaguliwa wakakuona kama habari iliyoenea.

Jack Dorsey, alipokuwa mkuu wa Twitter mwaka 2019, alipiga marufuku matangazo ya siasa kwa hoja inayokaribia sana vitenzi vyetu: ujumbe wa siasa ufike mbali kwa sababu watu wameukubali na kuupitisha, usifikishwe kwa kununuliwa. Angekuwa anaongea Kiswahili angesema usambae, usisambazwe. Mwaka 2023, chini ya mmiliki mpya, matangazo hayo yaliruhusiwa tena. Kwetu tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inahusu fedha ambazo vyama na wagombea wanatumia. Ukisema video imesambaa, umeiweka nje ya hesabu. Ukisema imesambazwa, swali la nani amelipa na kiasi gani linakuja lenyewe.

Nakubali kuna mahali pagumu. Kwenye WhatsApp video inapita mkono kwa mkono, na ikishapita mikono mingi inawekewa alama ya mishale miwili. Tangu Aprili 2020 video yenye alama hiyo unaweza kuipeleka kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Hiyo inaweza kuwa imesambaa kweli, jirani kwa jirani. Inaweza pia kuwa mtu mmoja amewapa viongozi wa magroup hamsini vocha ili waitume saa moja, na hapo hakuna neno la kijivu la kukuonya. Malipo yaliyopita nje ya programu hayaonekani kwenye skrini. Kwa hiyo sidai kila mtu ajue siku zote.

Kijana aliniuliza, basi aseme nini. Nilimwambia, ukiona lile neno la kijivu, sema "nimeletewa tangazo la fulani." Usipoliona na hujui video imetoka wapi, sema "naiona sana kwenye simu yangu," maana hilo ndilo unalolijua. Na ndugu zetu wa redio, mnaosikika kuanzia Tunduma hadi Mafinga, "imesambazwa" haiizidi "imesambaa" hata kwa silabi moja.