Mlio wa Gari Barabarani: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Si ajabu gari kuingia gereji ya mtaa wa Unga Limited mjini Arusha likiwa limekwisha kuhukumiwa. Mwenye gari amesikia mvumo njiani akitokea Moshi, abiria aliyeketi naye amesema ni beringi, yaani kifaa chenye gololi kinacholifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, na beringi yenyewe imeshanunuliwa dukani, hivyo fundi anaombwa aifunge tu. Ikifungwa na mvumo ukabaki, lawama humwangukia fundi au duka la vipuri, ilhali kosa lilianza pale ambapo kifaa kilinunuliwa kabla mlio haujachunguzwa.

Dhana inayopoteza fedha nyingi kuliko zote ni kwamba sikio la dereva linajua mlio unatoka wapi. Chuma husafirisha sauti vizuri sana, na mtikisiko unaoanzia gurudumu la nyuma unaweza kupita kwenye bodi na kusikika kana kwamba upo chini ya kiti cha mbele. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi makini huwa ni lini unasikika: kwa mwendo gani, gari likiwa linavutwa na injini au mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta, kwenye kona ya upande gani, juu ya matuta, au pale tu mguu unapogusa breki. Upande wa gari hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha injini na magurudumu. Ukishavuka maeneo ya makazi, ambako mwendo hautakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, tafuta kipande kilichonyooka kisicho na magari mengi, shika mwendo usiobadilika, kisha shusha gia moja bila kubadili mwendo huo. Kwenye gari la otomatiki lenye kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa), kukizima hutoa matokeo yaleyale. Mlio ukipanda pamoja na injini, tafuta upande wa injini, mikanda yake na ekzosi. Ukibaki palepale kwa sababu mwendo wa gari haukubadilika, tafuta kwenye magurudumu, ekseli, propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) au difu (gia zinazoigawa nguvu hiyo kwa magurudumu).

Wapo wanaofanya jaribio hili kwa kuweka nyutro kwenye mteremko, tuseme wakishuka kutoka Marangu kwenda Himo, wakiamini pia kwamba wanaokoa mafuta. Hilo si sahihi. Gari likiwa nyutro hukosa msaada wa injini katika kulizuia, breki zikabeba kazi yote na kupata moto. Tena injini za kisasa zinazopuliziwa mafuta kwa sindano huyakata mafuta zenyewe dereva anapoondoa mguu kwenye pedeli gari likiwa ndani ya gia, wakati kwenye nyutro huendelea kuyachoma ili zisizime.

Ukithibitisha kwamba mvumo unafuata magurudumu, bado usinunue beringi. Tairi lililolika kwa mawimbi, ama kwa sababu ya shokapu zilizochoka au alaimenti (unyoofu wa magurudumu) iliyopotea, huvuma karibu sawasawa na beringi mbovu. Tofauti ipo barabarani: mlio wa tairi hubadilika gari linapotoka lami laini na kuingia lami ya kokoto, na hubadilika vilevile matairi ya mbele yakihamishiwa nyuma, lakini wa beringi haujali sana aina ya lami. Wenyewe hujali uzito. Gari likipinda kulia, mzigo huelemea kushoto, na mvumo ukiongezeka hapo, mara nyingi beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa. Kwa kuwa sisi huendesha kushoto na kuzunguka mizunguko kwa kupinda kulia, kuuzunguka mnara wa saa, uwe wa Arusha au wa Moshi, ni kuyapima magurudumu ya kushoto, ingawa mwendo wa pale huwa mdogo mno kwa beringi inayoanza tu kuharibika.

Gereji nako kuna imani yake: gari hupigwa jeki, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa, na lisipocheza beringi hutangazwa nzima. Gurudumu likicheza ni dalili ya kweli, japo boli jointi, kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu, nayo huweza kulichezesha namna hiyo. Kutocheza, hata hivyo, hakuthibitishi uzima. Beringi inaweza kuwa imeshachubuka njia za gololi zake na bado ikakaza vizuri. Fundi mzuri hulikalisha gari kwenye stendi, akazima injini, akaweka kiganja kwenye springi ya gurudumu linaloshukiwa, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Mkwaruzo ambao sikio haliusikii, kiganja huupata.

Mlio ukiwa ni wa kugonga, si wa kuvuma, wa kulaumiwa mara nyingi si beringi bali ni sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Jointi ya nje iliyokwisha hutoa mlio wa kugonga pale usukani unapokuwa umekatwa hadi mwisho na gari likivuta taratibu, na mlio huo huongezeka kasi pamoja na gurudumu. Chungulia ndani ya rimu: grisi iliyorushwa huko ina maana kwamba mpira unaoifunika jointi umepasuka, na vumbi la barabara zetu likiingia humo halichukui muda mrefu kumaliza kazi. Mlio wa kugonga unaosikika juu ya mashimo madogo, usukani ukiwa umenyooka, humtuma mtu kwenye stabiliza linki (vifimbo vya kupunguza gari kulala upande) na bushi (mipira ya kwenye viungo), ambazo bei yake ni nafuu zaidi.

Mkanda wa feni unaolia asubuhi haupakwi grisi wala sabuni. Kazi yake ni kushika, na vitu hivyo huuondolea hicho kinachoushikisha.

Kuhusu breki, mlio mfupi asubuhi baada ya mvua ya usiku ni kutu nyepesi kwenye diski, na huisha kwa kukanyaga mara chache. Mlio mwembamba unaorudi kila siku huweza kuwa kibati kilichotengenezwa makusudi kukwaruza diski pedi zinapokaribia kwisha, na kukoma kwake si kupona, kwani kibati hicho huweza kukatika huku pedi zikiendelea kulika. Mafuta ya aina yoyote yasiguse pedi wala diski.

Mlio mmoja tu haustahili majaribio yoyote ya barabarani. Ni mlio wa kugonga unaoanza kwa mwendo mdogo muda mfupi baada ya tairi kubadilishwa, na usukani ukitikisika. Simama mahali salama ukague nati. Zikiwa zimelegea, kuzikaza peke yake hakutoshi ikiwa matundu ya rimu yamepanuka au boliti zimeliwa nyuzi. Zikiwa nzima, zikazwe kwa mpangilio wa kuvuka, si kwa kufuatana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, ambazo ni karibu umbali wa kutoka Arusha kufika Moshi.