Nani anashika nini katika Manispaa ya Moshi

Kazi yangu ni kuwafundisha madiwani na watendaji wa kata sheria zinazowaongoza, na kila ninapozungumza na wakazi wa miji midogo nasikia malalamiko matatu yakielekezwa kwa diwani: barabara ya mtaa imeharibika, maji hayatoki, na kodi ya jengo imekuwa mzigo. Hayo yote ni malalamiko ya haki. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo diwani ana mamlaka ya kulitatua. Naichukua Manispaa ya Moshi kama mfano kwa sababu ni mji mdogo kiasi cha mkazi kumjua diwani wake kwa sura, na hilo ndilo linalomfanya adhani kwamba kila kinachomsumbua kinaanzia na kuishia mezani kwa diwani huyo.

Tuanze na barabara. Tangu mwaka 2017 barabara za miji na vijiji zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa Serikali ulio chini ya TAMISEMI (ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), ambao meneja wake wa wilaya hateuliwi na baraza la madiwani wala hawezi kuondolewa nalo. Baraza linaweza kupendekeza vipaumbele, na meneja anaweza kuitwa kutoa taarifa, lakini mkandarasi hasaini mkataba na halmashauri. Maji ya Moshi yanasimamiwa na MUWSA, mamlaka yenye bodi yake, na bei ya uniti moja inaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya kutegemewa vya halmashauri za miji, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya Serikali Kuu, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida hapo mwanzo, kisha 1,500 kuanzia Julai 2023. Utaratibu huu una kasoro ambayo sijawahi kusikia mtu akiitetea kwa hoja yenye uzito: anayedaiwa kodi kisheria ni mwenye nyumba, ilhali anayekatwa ni anayeingiza namba kwenye mita, ambaye mara nyingi ni mpangaji. Diwani akiulizwa kuhusu hilo katika mkutano wa hadhara huahidi kulifuatilia, na sidhani kwamba hudanganya kwa makusudi. Huona tu kwamba ni aibu kwa kiongozi kusema mbele ya watu kwamba jambo fulani halimhusu.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri bado ni kingi, na ajabu ni kwamba hicho ndicho kinachoulizwa kwa nadra. Masoko ni ya halmashauri: nani anapewa kizimba Soko Kuu au Mbuyuni, kwa kodi ya kiasi gani, na je, jina lililo kwenye mkataba ni la anayeuza au la mtu aliyekodisha kwa bei ya juu zaidi? Leseni za biashara, vibali vya ujenzi, uzoaji wa taka, shule za msingi, zahanati na ushuru wa huduma, ambao hukokotolewa kwa mauzo ya mfanyabiashara, vyote vinapitia humo. Ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya mikopo ya vikundi, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Kikundi kilichonyimwa mkopo kina haki ya kuuliza vigezo vilivyotumika, na hapo diwani hawezi kujitetea kwamba mamlaka yako kwingine.

Sheria ndogo nazo ni za baraza. Sifa ya Moshi kama mji msafi huhusishwa na faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo, na wageni kutoka Dar es Salaam hupenda kuisimulia kana kwamba faini peke yake ndiyo iliyofagia mji. Mimi naona kwamba faini bila gari la taka linalopita kwa wakati huzaa ugomvi kati ya mgambo na mama lishe na hakuna kingine, na kwamba Moshi ilifanikiwa pale ilipokuwa na vyote viwili. Kwa mkazi, jambo muhimu zaidi ni njia ambayo sheria ndogo hupita kabla ya kuwa sheria: rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni na mapingamizi, baraza huipitisha, waziri huiidhinisha, ndipo inapochapishwa katika Gazeti la Serikali. Hatua ya mapingamizi kwa kawaida hupita kimya, kwa kuwa tangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata ambako watu huenda wakiwa na shida nyingine kabisa. Kelele huanza siku mgambo anapokamata beseni la ndizi, wakati ambapo nafasi ya kubadili neno lolote imekwisha.

Juu ya hayo kuna suala la Meya na Mkurugenzi, ambalo huwachanganya hata watu waliosoma. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na wenzake hao wanaweza kumwondoa, kama ilivyotokea Moshi mwaka 2022. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mtendaji mkuu, ndiye katibu wa vikao vya baraza, na ndiye anayesimamia matumizi ya fedha. Mpangilio huu una historia. Serikali za mitaa zilifutwa kuanzia mwaka 1972, na ziliporudishwa kwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, Serikali Kuu haikuachia uteuzi wa watendaji wakuu. Kabla ya uchaguzi wa 2020, baraza la Moshi lilipokuwa na wingi wa madiwani wa chama cha upinzani cha CHADEMA, tofauti kati ya wanaochaguliwa na wanaoteuliwa ilionekana waziwazi, kwa sababu kila upande ulikuwa na mamlaka ambayo mwingine hakuweza kuyaingilia. Chama kimoja kinapokuwa na baraza na Serikali kwa pamoja, tofauti hiyo haifutiki. Hujadiliwa katika vikao vya ndani vya chama, ambavyo mwananchi wa kawaida hana nafasi ya kuviingia.

Tushuke sasa mtaani. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho ikiwa tarehe 27 Novemba 2024, katika uchaguzi unaosimamiwa na TAMISEMI, na ni lazima mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Mwenyekiti halipwi mshahara. Ndiye anayeandika barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya benki, ya kumdhamini ndugu aliyeko mahabusu na ya kuombea kitambulisho cha NIDA, na kwa sababu hiyo watu humheshimu kuliko wanavyomheshimu diwani. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee bado humpelekea kesi za ugomvi wa mipaka, ni kiongozi wa chama tawala, CCM, tu. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 hana nafasi yoyote katika muundo wa Serikali.

Ila mtaa, kisheria, ni mnyonge. Kijiji kina halmashauri yake ambayo ni nafsi ya kisheria: inaweza kushtaki na kushtakiwa, inamiliki mali, inatunga sheria ndogo na inasimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Mtaa hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mkutano wa wakazi wa Pasua au Njoro unaweza kupendekeza, kulalamika na kuchanga, lakini hauwezi kuamua kuhusu kiwanja kimoja.

Unyonge huo unazidishwa na maisha ya Moshi yenyewe. Wakazi wengi wa mjini wana kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, mlimani Kilimanjaro, Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, na wakisema nyumbani wanamaanisha huko. Mtu anaweza kuishi Soweto ya hapa Moshi miaka thelathini, akasomesha watoto wote hapo, lakini msiba ukitokea watu hukutana mjini kwa siku chache kupanga michango kisha mwili hupandishwa kwenda kuzikwa kihambani. Michango ya kanisa, ya shule ya msingi na ya barabara ya kijijini hutolewa huko kwa moyo mmoja, na Desemba mji hupungua watu huku vijiji vikijaa. Hili si kosa la mtu yeyote. Lakini mkutano wa mtaa unapoitishwa Jumamosi, wanaohudhuria ni wapangaji wachache, wazee na wanaohitaji kugongewa muhuri, wakati watu wenye uzoefu wa kuhoji hesabu wamepanda mlimani kuhoji hesabu za kamati ya maji ya ukoo.

Ndiyo maana mjadala wa siku nyingi wa kuipandisha Moshi kuwa jiji unanipa wasiwasi kila unapofufuka. Manispaa ina eneo la takriban kilomita za mraba 59 tu, kwa hiyo upanuzi wowote ni lazima umege vijiji vya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi vilivyoizunguka. Wanaouunga mkono huzungumzia hadhi na wawekezaji. Wanaoupinga huzungumzia viwango vya kodi ya ardhi. Sijasikia ikisemwa vya kutosha kwamba kijiji kinachogeuzwa mitaa hupoteza halmashauri yake, sheria zake ndogo na sauti yake juu ya ardhi, kwa kuwa maombi ya ardhi huanza kuamuliwa na halmashauri ya mji. Kwa ukoo ambao makaburi yake yako ndani ya kihamba, swali la kumuuliza diwani kabla ya baraza kupiga kura ni hili: eneo letu likiingizwa mjini, ni kikao gani kitakachoamua kuhusu mipaka ya kihamba, na nani kati yetu atakuwa na kura humo?