Kilima hicho usikichore kimoja

Juzi barazani hapa Mkomani, Lamu, kijana wa chuo alinifungulia daftari lake: viini viwili vya atomu, katikati kilima kimoja, yaani kizuizi cha chaji zao zinazosukumana, na chini ya kilele mstari wa nishati ya mgongano. Pembeni ameandika, "Haviungani." Nimeuona mchoro huo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Kwamba chembe hupenya kizuizi bila kufika kileleni tunajua tangu mwanafizikia Gamow, 1928. Hilo nalipita. Kinachonikera ni kilima kuchorwa kimoja. Kiini cha samari-154 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni zake) hakikuviringana kama chungwa, kimerefuka kama embe. Oksijeni-16 ikikijia kwa ncha, nguvu ya kinyuklia inashika mapema na kizuizi kinashuka; ikikijia ubavuni, kizuizi kinapanda. Katika mahesabu tunabeba mielekeo yote kwa pamoja, kila mmoja na kizuizi chake. Mwaka 1991 wanafizikia Rowley, Satchler na Stelson walionyesha njia ya kuviona: zidisha nishati kwa kipimo cha muungano (uwezekano wa viini kuungana), chukua derivativu ya pili kwa nishati, yaani jinsi mwinamo wa mkunjo unavyobadilika, na mtawanyiko wa vizuizi unajitokeza wenyewe kutoka kwenye vipimo.

Halafu nyutroni. Beckerman na wenzake, 1980, waligonganisha nikeli kwa nikeli. Chini ya kizuizi, muungano wa nikeli-58 na nikeli-64 ulipungua polepole kuliko wa nikeli-58 kwa nikeli-58, au 64 kwa 64. Nyutroni mbili zikihama kutoka 64 kwenda 58, Q, yaani nishati inayotoka katika uhamisho huo, ni chanya, karibu MeV 3.9 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), na kwa kuwa hazina chaji zinavuka huku viini vikiwa bado mbali.

Basi watu wakashika kanuni: Q chanya, muungano lazima uongezeke. Hapana! Bati-132 ikigongana na nikeli-58 ina Q chanya kwa nyutroni kadhaa. Ikigongana na nikeli-64, Q hizo ni ndogo zaidi. Vipimo vilivyochapishwa 2011, ukishasawazisha ukubwa wa viini na kizuizi, havikuonyesha tofauti iliyotarajiwa.

Kwa nini? Sina jibu ninaloliamini. Katika programu yangu ya kukokotoa muungano, nguvu ya uhamisho ni namba moja tu, naizungusha mpaka mkunjo ulalie nukta za vipimo. Jana usiku niliendesha hesabu ya nikeli mara mbili: kwanza nyutroni zikivuka kama jozi, kisha moja baada ya nyingine. Mikunjo yote miwili imepita juu ya nukta zilezile.